Bi Zamu na Chumba cha Seva

Hospitali nzima ilimwita Bi Zamu, na jina lenyewe lilianza kama utani. Ndiye aliyetunza seva, zile kompyuta zinazobeba kumbukumbu zote za hospitali, kwenye kile chumba chenye baridi mwisho wa korido ya maabara. Umeme ukikatika na kurudi, hata mganga mkuu angepiga magoti, Bi Zamu hakugusa seva ya pili kabla ya ile ya kwanza kuitika. Watu husifiwa kwa kukimbia. Huyu tumsifu kwa kusimama.

Makabati ya chuma yalikuwa machache, lakini humo ndani ziliishi seva nyingi za programu tu, zisizo na miili yao zenyewe, kama wapangaji wa nyumba moja. Bi Zamu aliziamsha kwa zamu. Kwanza ghala la data. Kisha seva inayojua majina ya wenzake, maana bila hiyo hakuna anayemtambua jirani. Halafu kumbukumbu za wagonjwa, ndipo maabara na duka la dawa. Alizisemesha kwa sauti kabisa: "Haya mama, amka, wenzako wanangoja." Wauguzi walicheka mpaka wakachoka, naye wala habari hana.

Siku hiyo umeme ulikatika mchana, jenereta likagoma, na betri zikaisha. Uliporudi, kaka yake alikuwa tayari mlangoni, shati limelowa jasho. Mkewe alikuwa amejifungua salama, lakini damu ilikuwa haikomi kutoka.

"Dada, maabara wanakungoja wewe. Washa ya kwao kwanza."

"Nikiiwasha sasa itafunguka tupu, kaka. Itawaambia wifi hana rekodi yoyote."

"Si afadhali hiyo kuliko kukaa gizani?"

"Gizani mtu anapapasa. Wakiambiwa hakuna kitu, watakwenda mbio kumpa damu yoyote."

"Huyu ni wifi yako, jamani. Si mtu baki."

Bi Zamu alijua. Yeye na wifi yake walisukana nywele kila Jumapili huku wakimteta kaka huyohuyo. Kidole chake kilikwenda mpaka kwenye jina la seva ya maabara, kikasita hapo. Alitamani sana kubonyeza. Akakirudisha.

Ghala likaitika. Seva ya majina ikaanza kujivuta. Kaka akapiga ukuta kwa kiganja na kumwambia ana moyo wa jiwe.

"Haya mama, amka," Bi Zamu akaiambia mashine, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kumbukumbu za wagonjwa zilipoitika, akawasha maabara. Haukupita muda, wakamsikia mtaalamu wa maabara akipiga kelele kwenye simu: "Mfuko wa damu ya dharura msimpe! Rudisheni!" Rekodi ilikuwa imefunguka. Tangu mimba ya kwanza damu ya wifi ilikuwa ikikataa damu za watu wengi, hata za kundi lake. Iliyomfaa ilikuwa imetengwa mapema, ipo kwenye jokofu.

Jioni kaka alirudi, akaketi sakafuni karibu na kiti cha dada yake. Wifi alikuwa amefumbua macho na kumwulizia mtoto.

"Nilikuchukia, dada."

"Najua. Hata mimi nilijichukia."

Kisha akampa kaka yake chupa ya maji amfungulie, maana kizibo kilikuwa kimemshinda tangu mchana.