Fundi Venant na Popo wa Dari ya Nyamianda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Venant yuko juu ya ngazi ndani ya kanisa dogo la Nyamianda, mjini Uvira, sikio amelibana kwenye plafo, yaani dari. Nyundo iko kiunoni, misumari iko mfukoni, lakini mkono hauinuki.

"Bado wanalia," anasema, na kushuka polepole, maana magoti ya miaka hamsini na nane hayataki haraka.

Wanaolia ni watoto wa popo. Si wale wakubwa wanaokula maembe, hapana. Hawa mwili wao haupiti kidole gumba cha fundi: kahawia, masikio mapana yamewaangukia usoni, na kamkia kama ka panya kamechomoza nje ya ngozi ya mabawa. Wanapenda joto la bati. Jioni, giza halijaingia vizuri, wanachomoka kwenye ufa mmoja kwenda kula mbu na vidudu vya ziwani. Mafundi walioezeka Bujumbura na Kalemie wanawakuta huko pia.

Venant ameezeka nyumba miaka thelathini, na kosa lake kubwa liko hapahapa. Mwaka jana alingoja jioni, popo wakatoka, akapiga misumari akiimba. Hakujua kwamba mama huwinda akimwacha mtoto ndani. Siku tatu wale mama walizunguka ukuta wakitafuta mlango. Kisha ikaja harufu ya watoto waliokufa, waumini wakasali nje majuma mawili. Bati likang'olewa, popo wakarudi.

"Nilitoa watoto thelathini na saba kwa koleo," anasema. "Minye niko na wajukuu. Sikulala."

Mara anaingia Mama Sidonie, mkuu wa kamati ya kanisa, ufagio mkononi.

"Papa Venant, bado tu? Siku ya Mungu iko ndoa! Hii popo itanyea bibi-arusi mu kichwa!"

"Mama, watoto iko ndani. Weye ulisahau harufu?"

"Fundi Bruno anasema leo leo atawasha moshi, anafunga. Weye unawatetea kama bashemeji yako!"

"Shemeji yangu anakula mingi kuliko hawa wote."

Mama Sidonie anacheka bila kutaka. Venant anaahidi kufunga turubai juu ya viti vya maarusi.

"Siku nane," mama anasema. "Ya tisa, Bruno anapanda."

Mpango wa Venant ni huu: watoto wote wakisharuka, atatundika kipande cha gunia kwenye ufa, kimefungwa juu tu, chini kikining'inia. Popo atateleza kutoka, kurudi hawezi. Ndipo apige misumari.

Lakini siku nane zitatosha? Jana kwenye ufa alimuona mmoja akijaribu mabawa. Wengine bado hawana manyoya. Venant anatoka nje, anatazama milima ya upande wa Mulenge. Wingu limekaa pale tangu jana. Mvua ya jioni ikinyesha, mama hatoki kuwinda, maziwa yanapungua, mtoto anachelewa kuruka.

"Mungu anipe jioni nane kavu," anasema. "Hata sita, minye nitashukuru."