Mfalme Chewa na mwizi aliyeitwa Neve: gemu ya kuandika ilivyonikutanisha na mtu aliyekuja kupima nyumba yetu

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Niko upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, pwani ya Palma. Kiswahili chetu kimeingia Kireno kidogo, mtanivumilia.

Nimesoma ule uzi wa jamaa anayesema watu wazima wanaojifanya wafalme na wachawi mtandaoni wapimwe akili. Nimecheka peke yangu, maana mimi nilikuwa mfalme. Nikaona nieleze yaliyonikuta. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kweli tupu, na mama yangu mdogo ni shahidi.

Ilikuwa ile miaka ambayo gesi imeshaonekana baharini na kila mtu anaizungumza. Palma ilijaa wageni. Wahandisi, madereva, watumishi wa serikali kutoka mikoa ya kusini. Chumba cha kupanga kikawa cha kugombania. Ila na sisi tukapata chetu, mtandao wa simu uliokuwa unasuasua ukaanza kushika.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa naishi mjini kwa mama mdogo Zuhura, mdogo wake marehemu mama yangu. Baba yangu, mzee Saidi, alibaki kijijini kwetu ng'ambo ya ghuba, kwenye ile ardhi iliyosemwa kitajengwa kiwanda cha gesi. Mvuvi maisha yake yote.

Sasa gemu yenyewe.

Haina picha wala kupiga risasi. Ni gemu ya kuandika, ya Wabrazili, kwa Kireno. Unatunga mhusika wako, unaandika anachofanya, mwenzako anaandika anachojibu. Kuna mtu mmoja anaitwa mestre, yeye ndiye anayerusha dadu na kuamua kama upanga umempata adui au la. Hadithi moja inaweza kwenda mwaka mzima.

Nilipoingia nilishangaa kitu kimoja. Watu wote wanaishi kwenye theluji! Majumba ya mawe, misitu ya baridi, manyoya mabegani. Wengine wanaandika hivyo wakiwa kwenye miji ya joto kama la kwetu. Nikajiuliza, nani aliamua kwamba maajabu yanakaa kwenye baridi tu?

Mimi nikaleta kisiwa. Mikoko, maji yanayokupwa mpaka mashua zinalala kwenye matope, majini wanaodai salamu kabla hujavuka mlango wa bahari. Mfalme wake mzee, mkali, mwenye maneno machache. Nikamwita Chewa.

Wabrazili wakasema jina zuri sana, lina sauti ya kale. Sikuwaambia kwamba ni samaki.

Kuna mmoja alinipinga wiki nzima kwamba fantasia haiwezi kuwa na minazi. Nilimuuliza joka la moto analala wapi kwa raha, kwenye barafu au kwenye jua? 

Mtauliza kwa nini mwalimu wa kike alijifanya mzee wa kiume. Hata mimi nimejiuliza. Nadhani ni kwa sababu ya mikutano ya kijiji. Wanaume wanasema, sisi tumekaa nyuma kwenye mkeka. Nilitaka kujua inakuwaje ukifungua mdomo na watu wote wanyamaze.

Sasa kisiwa cha Chewa kikaanza kumezwa na bahari. Hilo niliandika mimi mwenyewe, na mnaweza kukisia lilitoka wapi, maana huku nyumbani watu walikuwa wanaambiwa kijiji kitahamishiwa Quitunda, kwenye nyumba mpya za matofali. Wahusika wote wakamshauri mfalme aondoke. Mfalme akakataa. Nilimpa hotuba ndefu, kwamba hawezi kuliacha kaburi la malkia wake.

Maana baba naye alikuwa amekataa. Watu wa serikali wa kupima nyumba kwa ajili ya fidia walimfuata mara mbili, mara mbili akawarudisha kutoka uani, mimi nimesimama nyuma yake. Na kaburi la mama liko pale nyuma ya nyumba.

Kwenye gemu kulikuwa na msichana mwizi anaitwa Neve. Neve kwa Kireno ni theluji. Huyu peke yake hakumshauri mfalme kitu. Alikuwa anauliza tu. Mfalme, asubuhi unaanza kuangalia upande gani? Mfalme, mtu akija kisiwani kwako mara ya kwanza anakosea wapi? Maswali ya ajabu, lakini nilikuwa nayangoja. Nikitoka shule nafungua laptop kabla sijavua viatu.

Kilichonifanya nishtuke ni umeme.

Palma umeme ukikatika, baada ya muda mtandao nao unapotea. Nikirudi, wachezaji wananitania kwamba mimi na Neve tunaondoka pamoja na kurudi pamoja kama mke na mume. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaanza kuangalia, nikaona ni kweli.

Alasiri moja Neve alikuwa amejificha kwenye dari la jumba fulani, kwenye hadithi. Chewa akamuuliza, unasikia nini hapo ulipo? Akaandika kwamba anasikia mzee anakohoa kwenye kipaza sauti, anakohoa tena, ndipo anaanza kuita watu.

Wakuu, niliinuka nikaenda dirishani. Muadhini wa msikiti wetu hakosi kukohoa kabla ya adhana. Na muda uleule alikuwa amekohoa.

Neve alikuwa Palma.

Nilimtumia ujumbe wa pembeni kwamba nami niko Palma, tuonane. Akakaa kimya siku kadhaa. Mimi huku nikitembea sokoni namtazama kila kijana mwenye simu nzuri. Nilimshuku fundi wa jenereta. Nikamshuku mwalimu mwenzangu wa hesabu, mpaka akaanza kudhani nampenda. Hatimaye Neve akajibu kwamba yuko tayari kukutana, ila mchana na mahali pa watu.

Nikamwambia mama mdogo. Yeye siku zote alidhani nachati na majini. Akasema kama ni jini au mtu, hutaenda peke yako. Akavaa kanga yake ya kutokea, tukaenda.

Kwenye mgahawa karibu na soko alikuwa amekaa mwanamume mtu mzima, upara unaanza, shati limepigwa pasi, na juu yake kile kizibao cha kazi cha serikali. Nilimtambua palepale. Ndiye aliyekuwa anakuja uani kwetu na utepe wa kupimia. Nitamwita Armindo. Mtu wa Inhambane, aliyeletwa Palma kwa kazi ya kuhamisha vijiji.

Yeye alikuwa anatafuta mzee. Macho yalitupita, yakaenda mlangoni.

"Mimi ndiye Chewa," nilimwambia.

Alicheka. Halafu akaniangalia vizuri, akakumbuka binti aliyekuwa amesimama nyuma ya mzee Saidi, kicheko kikakatika.

Nilimuuliza kwa nini mtu mzima kama yeye anajifanya msichana mwizi. Akaniambia kwamba kazini kutwa nzima anatakiwa awe na majibu, hata yale ambayo wakubwa wake hawajampa. Neve hajui kitu na hakuna anayemtegemea ajue. Basi anaweza kuuliza.

Jibu lilikuwa zuri, lakini mimi damu ilishachemka. Nikayakumbuka yale maswali yote. Nikaona huyu alikuwa ananipima kama alivyopima nyumba, ananichimba ajue njia ya kumpata baba. Aliapa kwamba hakujua mimi ni nani. Nikainuka nikaondoka, chai sijaigusa.

Mama mdogo hakuinuka.

Alirudi nyumbani muda mrefu baadaye. Kireno chake ni cha sokoni, na Armindo Kiswahili hakijui, sijui walizungumzaje. Akavua viatu, akasema, "Yule mtu hajui chochote kuhusu sisi, lakini anasikiliza. Mpeleke kwa baba yako. Mwambie kile kizibao akiache."

Nilikataa. Ila udadisi ni ugonjwa, wakuu. Nilitaka kuona Neve atamuuliza nini mfalme wa kweli.

Tukaenda Jumamosi. Armindo alikuja na shati la kawaida, mikono mitupu. Alikuwa amejifunza shikamoo njiani na akaitamka vibaya. Baba akaitikia marahaba, akamwangalia mikono.

"Leo hukuja na utepe?"

Nikamtafsiria. Akasema leo hakuja kupima, amekuja kuuliza, na mzee akipenda asimjibu. Baba akamsogezea kiti. Mimi nikakaa katikati, natoa Kireno huku, naingiza Kiswahili kule.

Armindo akauliza, "Mzee, hapa kwako ni kitu gani hakibebeki?"

Wakuu, mimi jibu nililijua. Nilikuwa nimeliandika mwaka mzima. Nikageuka kuangalia kaburi la mama, nikijua baba ataelekeza mkono kule.

Hakuelekeza. Alijikuna kidevu, akasema kuhusu kaburi ameshamuuliza shehe na shehe amesema kwa dharura linahamishika. Mama yenu nitakwenda naye, alisema. Halafu akageukia bahari.

"Hapa nikitoka na mashua najua mwamba uko wapi bila kuuona. Naoanisha ule mti wa mvinje na kile kilima, basi. Watu wananifuata mimi. Huko juu mbali na maji nitakuwa mzee wa kuuliza watu njia ya dukani."

Nikamtafsiria Armindo neno kwa neno. 

Kilichonikaa rohoni ni hiki. Ni baba yangu. Nimekula naye sahani moja. Nilimgeuza mfalme, nikampa hotuba zilizowaliza Wabrazili, na hakuna siku niliyomuuliza. Nilijua anachokataa nikadhani najua kwa nini.

Baba akaendelea mwenyewe, kama mtu aliyefunguliwa mfereji. Akasema atakubali kupimwa kwa mambo mawili. La kwanza, atembee yeye mbele, kila mti na kila ukuta autaje yeye ndipo uandikwe. La pili, huko Quitunda majirani wake wa hapa wawe majirani wake wa kule, hasa mzee Anli, ambaye wamebishana naye tangu ujana.

Armindo hakuahidi. Alisema la kwanza liko mikononi mwake, la pili atalipeleka kwa wakubwa na ataleta jibu mwenyewe hata likiwa baya.

Akalileta. Nusu zuri, nusu baya. Majirani wengine walitawanywa, ila mzee Anli alipewa nyumba inayotazamana na ya baba. Siku ya kuhamisha kaburi la mama, Armindo alikuwa ameshapata barua ya kwenda mkoa mwingine. Alikuja hata hivyo. Alisimama nyuma ya watu wote, viatu amevua, ingawa si Mwislamu na hakuna aliyemwambia avue.

Sisemi mambo yaliisha vizuri. Baba baharini anakwenda mara chache, safari ni ndefu na usafiri wa kubahatisha. Machamba, yaani mashamba mapya, yalichelewa. Kuna watu wa kijiji chetu mpaka leo hawataki kusikia neno gesi, nami siwalaumu. Na ile vita iliyokuja baadaye siigusi hapa, ule ni uzi mwingine kabisa.

Ila kuna jambo lilitokea ambalo sikulitegemea.

Baada ya kuhamia, baba aliniuliza yule mtu wa serikali nilimjuaje. Nikamweleza gemu, nikitegemea atakasirika. Akaniambia nimsomee huyo Chewa anasemaje. Nikamtafsiria ile hotuba ya kaburi, mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza amefumba macho.

Akasema mfalme wangu anaongea sana. Mtu aliyezoea kuamrisha mashua hasemi maneno yote hayo, upepo hautamngoja amalize. Akaanza kunirekebisha. Hapa mnyamazishe. Hapa mfanye atazame maji tu. Tulipofika mahali pa kuondoka kisiwani nikamuuliza, baba, aondoke au azame nacho?

"Aondoke," akasema. "Lakini mpe jirani mbishi huko aendako. Peke yake atakufa."

Nikaandika hivyo. Mestre akaniambia ndiyo sura bora niliyowahi kuleta. Neve, kutoka huko alikohamishiwa, akaandika mstari mmoja tu: mwizi amemvulia mfalme kofia.

Basi wakuu, nilichojifunza. Watu husema ukiigiza mtu mwingine utamwelewa. Mimi nasema siyo lazima. Unaweza kuvaa ngozi ya mtu mwaka mzima na ndani ukawa ni wewe tu unaongea. Kilichonisaidia ni yule aliyechagua kuwa mtu asiyejua kitu. Kwa hiyo chezeni, tungeni, kuweni wafalme na mazimwi, sioni dhambi. Lakini mkimtunga mtu anayeishi jirani, nendeni mkamuulize.

Naomba wenye uzoefu wa hizi gemu mniambie. Mnachagua kuwa nani, na kwa nini? Kuna wengine waliowahi kukutana uso kwa uso na mtu wa mtandaoni wakakuta ni mtu wa karibu? Na anayeona haya yote ni utoto aseme pia, sikasiriki.

Maoni yenu nitayasoma kwa sauti. Baba yuko hapa kibarazani na mzee Anli, na wameshaanza kubishana mtasema nini.