Vizibo Vitatu

Mke wangu alikwenda Lagangabilili kwenye semina ya siku mbili, akarudi na mbwa. Wenzake walirudi na vyeti. Yeye alishuka kwenye bajaji hapa Bariadi amempakata mbwa mzee ndani ya kitenge: jicho moja lina ukungu, miguu ya nyuma imelegea, kikohozi kama cha mvuta tumbaku.

"Mwenyewe kahamishwa kikazi, kamwacha getini," alisema. "Siku ya tisa leo."

"Na wewe ndiye uliyehamishiwa mbwa?"

Alikwenda kumpikia uji.

Mimi nimezaliwa Sola, kwenye kaya ya ng'ombe. Kwetu mbwa alikuwa mfanyakazi. Alilinda zizi, alifuata machungani, alikula ukoko, na akizeeka alipotelea porini bila mtu kuuliza. Sasa nyumbani kwangu kuna mbwa anayepikiwa dagaa waliotolewa vichwa, na vichwa nakula mimi. Kazi yake ni kulala katikati ya mlango. Mgeni akija, tunamwamsha mlinzi ili mgeni apite.

Daktari wa mifugo alipokuja mara ya kwanza, alisimama uani, akanisalimu kwa Kisukuma huku akitazama huku na huku. "Mwadila, mzee. Ng'ombe yuko wapi?" Nikamwonyesha mbwa. Niliona aibu mpaka ya ukoo. Akampima, akatuachia vidonge vya moyo, akasema ngozi ina vidonda, kwa hiyo asipakwe kitu chochote mpaka yeye arudi kushughulikia kupe. Mke wangu aliyarudia maneno hayo akiniangalia mimi. Kinachonikera ni kwamba alinijua.

Vidonge navyo vilikuwa vita. Mke wangu alivificha ndani ya ugali. Mbwa alikula ugali, akatema kidonge miguuni pake kikavu kabisa. Lakini walionishinda ni kupe. Daktari alikawia, na asubuhi moja nikakuta kupe kwenye mto wangu. Mtoto wa mfugaji, niliyeogesha ng'ombe kabla sijaota ndevu, nisubiri ruhusa ya kuua kupe?

Jumamosi mke wangu alikwenda mazoezi ya kwaya. Nilikuwa na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe niliyoletewa na kaka yangu kutoka Sola. Nikapima kwa kizibo, kama tupimavyo kwetu: viwili kwenye ndoo ya maji. Kisha nikaongeza cha tatu, cha hasira. Nilimwogesha mpaka masikioni. Alitulia, akinitazama kwa lile jicho lake zima, na nilipomwachia akaanza kujilamba.

Mke wangu aliporudi, mbwa alikuwa chini, anatetemeka mwili mzima, mate yanamchuruzika. Alimpigia simu daktari huku akilia. Daktari akaja na pikipiki.

"Ni moyo," mke wangu alimwambia. "Si ulisema moyo wake mbovu?"

Daktari akaanza kuvuta dawa ya moyo kwenye sindano. "Hamjampaka kitu lakini?"

"Hatujampaka," mke wangu akajibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo ambayo nilishaiosha mara mbili. Nikafikiri: nikinyamaza, atakufa kwa moyo wake mbovu, hakuna atakayejua, na mto wangu utabaki wangu. Niliwaza hivyo kwa muda wote ambao sindano ilikuwa inajaa. Bado najichukia kwa muda ule.

"Nimemwogesha," nikasema. "Dawa ya ng'ombe. Vizibo vitatu."

Daktari akaiweka sindano chini, akatafuta nyingine kwenye mkoba. "Maji na sabuni, mzee. Haraka!"

Mke wangu alinisogezea ndoo kwa mguu. Afadhali angenitukana. Nilipiga magoti uani nikamwosha mbwa, ndoo baada ya ndoo, nikimwomba radhi kwa Kisukuma, maana Kiswahili changu hakifiki huko.

Hakufa. Mke wangu alininunia siku nne, na siku alipofungua kinywa alisema neno moja tu: "Vidonge." Tangu hapo ni kazi yangu. Na huyu mbwa asiye na akili, ambaye hata leo anamtemea kidonge mwanamke aliyembeba kutoka Lagangabilili, kwangu hahitaji ugali wala dagaa. Kila asubuhi namfokea atoke mlangoni, naye hatoki. Ananiangalia, anafungua mdomo wote, anasubiri. Ninachotamani ni aning'ate, hata mara moja, tumalizane. Lakini anameza chochote ninachomwekea, kwa mkono uleule uliopima vizibo.