Bwana Mapigo Ashuka Ukumbini

Watu walimwita Bwana Mapigo, naye akavimba kichwa kwa jina hilo utadhani ni cheo cha serikali. Kazi yake ilikuwa kuchagua muziki wa darasa la dansi la wazee, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Pale walicheza chacha, rumba na samba za kupangwa: jozi zote kwenye duara moja, hatua zilezile kwa wakati mmoja, na kila yakitimia mapigo sitini na nne mnaanza duru mpya. Mmoja akiharibu, wote wanagongana.

Anashika saa yake, anahesabu, anatoa hukumu. Chacha ni mapigo mia na ishirini kwa dakika, basi. Wimbo wenye mia na thelathini, nje! Wenye kipande cha ziada kinachovuruga duru, nje, hata mwimbaji alie machozi ya damu. Tumpe haki yake, sikio alikuwa nalo. Ila mdomo sasa! "Mwone yule mkunga," anamwambia Mwalimu bila kushusha sauti, "kazalisha mji mzima, mguu wa kushoto haujui." Mshona viatu naye akaitwa gogo. Hata mkewe, aliyecheza na huyo mshona viatu, hakupona: "Mama watoto, unacheza au unakanyaga mende?" Watu wanacheka, mama wa watu anameza.

Mama huyo alikuwa amejifunza miezi saba kwa ajili ya siku ya wageni, na dada zake wawili walishaahidi kuja kumtazama. Siku mbili kabla, mshona viatu akateguka mguu. Mwalimu akasema wazi kwamba asiye na mwenza atakaa kwenye viti. Ikabidi mama amwendee mumewe.

"Baba, nisaidie hii moja tu. Hatua zote unazijua."

"Nizunguke na magogo yale? Haya. Angalau siku moja wataona chacha inavyochezwa."

Siku ikafika, Mwalimu akawasha muziki mwenyewe. Duru ya kwanza, lo, jamaa alikwenda vizuri! Mkewe akawatupia dada zake tabasamu. Duru ya pili bwana akaanza kukunja uso.

"Huu si mia na ishirini."

"Cheza, baba."

"Umepunguzwa huu!"

Akamwachia mkewe mkono, akasimama katikati ya njia, akaitazama saa na kuanza kuhesabu. Jamani, mtu mzima na akili zake! Mkunga na mwenzake wakamvaa mgongoni, jozi ya nyuma ikawavaa wao, mzee mmoja akaishia mapajani mwa mgeni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye kidole juu: "Mia na kumi na mbili! Nilijua!"

Alikuwa sahihi, mjinga yule. Sahihi kabisa, na mkewe kasimama peke yake mbele ya dada zake, mkono bado kaunyoosha.

Mama akaushusha. Duara lilipojipanga tena akangoja duru ianze, akaingia bila mwenza, akacheza mpaka wimbo ukaisha. Alikuwa akichechemea kidogo. Mwalimu hakumtoa, na mkunga alimpigia makofi kwa nguvu.

Bwana Mapigo akamfuata mlangoni, meno yote nje. "Umeona? Mwalimu kapunguza kasi, akadhani sitajua."

"Kapunguza kwa ajili yangu," mkewe akasema. "Goti hili linaniuma mwezi wa nne sasa. Mwalimu kaliona. Mkunga kaliona. Mshona viatu alikuwa ananishikilia kila tukigeuka, nisianguke. Wewe tunalala kitanda kimoja."

Akawashika dada zake mikono, wakashuka ngazi polepole, mmoja kila upande.