Mtihani wa Mama Limi na Mkwewe

Luka alitazama video ya kwanza ya Kifaransa akiwa nje dirishani, juani, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekaa ndani. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa sekondari huko Kahama, ada kalipa, anachungulia televisheni kama mtoto aliyekosa kiingilio. Mimi, mwalimu wake wa Kifaransa, nilitoka nikamwambia aingie. "Haiwezekani, Madamu," akasema. "Yumo mkwe." Nikarudi ndani nimenuna.

Ulikuwa mwaka 1998, mvua kubwa zimetuachia barabara mbovu. Tawi letu la chuo kikuu lilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba, Shinyanga mjini. Tulikuwa na televisheni moja, deki moja, kompyuta mbili za kusomea sidii, na maabara ya lugha niliyoringia kuliko vyote: vibanda vya mbao, kila kimoja na hedifoni na maikrofoni yake, na mbele meza yangu yenye swichi za kusikiliza kibanda chochote, kuunganisha viwili wazungumze, na kurekodi. Mimi, Zahida, nimezaliwa hapo hapo mjini, juu ya duka la baba la vipuri. Kisukuma nakijua vya kutosha kutukana na kuomba radhi, lakini mambo ya ukwe yalikuwa yananichosha.

Huyo mkwe alikuwa Paskazia, ambaye sote tulimwita Mama Limi. Mjane, mwalimu wa shule ya msingi tangu ujana wake, Kifaransa cha kuombea maji alikipata kwa masista wa misheni. Alitaka shahada ili ahamie sekondari kabla ya kustaafu. Kichwa chake kilikuwa chepesi, akisikia kaseti mara moja anairudia na pumzi zake zote. Limi ndiye mwanawe pekee, na Luka ndiye aliyemwoa. Kwa mila yao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawatajani majina, hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Kwenye vibanda hawakuwa na taabu, mbao katikati na kila mtu na masikio yake. Kwa video nilikubali yaishe, nikawaonyesha kwa zamu.

Siku moja Mama Limi alibaki baada ya kipindi, anazungusha waya wa hedifoni kidoleni.

"Madamu, nina neno. Limi sijamwona tangu kabla ya mavuno ya mpunga."

"Si yuko kwa mumewe Kahama?"

"Ndivyo ninavyoambiwa. Mimi kwa mkwe siendi, mila hairuhusu. Namtuma kaka yangu Stanslaus. Akifika anaambiwa hajambo, yuko shamba. Akienda tena, hajambo, yuko kliniki. Anakunywa pombe ya mwenyeji, anarudi na hajambo yake."

"Mwulize Luka mwenyewe basi. Si huyu hapa kila Jumamosi?"

Akanitazama kwa huruma, mimi niliyesoma mpaka Bujumbura. "Nitamwulizaje, mwanangu?" Nikaona aibu.

Novemba tukaletewa ratiba ya mtihani wa mazungumzo. Watahiniwa wawili wawili, kila jozi inapewa kadi yenye tukio, inazungumza kwa Kifaransa, kaseti inapelekwa makao makuu kusahihishwa. Mwalimu haruhusiwi kusema neno, na kaseti ikisimamishwa mtihani umebatilika. Jozi zilipangwa na kompyuta ya makao makuu, na kompyuta haijui mkwe. Mama Limi alipangwa na Luka.

Nilipiga simu kuomba wabadilishwe. Bwana wa upande wa pili alicheka, akauliza kama huku bado tunaishi porini. Nilimjibu maneno ambayo nusura yanipotezee kazi, lakini jozi ikabaki vile vile. Luka alipoambiwa alitaka kujitoa, na kujitoa maana yake ni kurudia mwaka. Mama Limi hakulalamika hata kidogo.

"Si tutakuwa kwenye waya?" akasema. "Kwenye waya hatuonani." Nilishangaa alivyokubali upesi.

Asubuhi ya mtihani nilimwingiza yeye kwanza, kibanda cha mbele. Luka akapita mlango wa nyuma, kofia usoni, akakaa kibanda cha mwisho. Nikawapa kadi. Mmoja ni mtu aliyekuja stesheni kumpokea ndugu ambaye hakushuka. Mwingine ni karani wa stesheni. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Waliyosema kwa Kifaransa nayaeleza hapa kwa lugha yetu.

"Habari za asubuhi, bwana. Namtafuta binti yangu. Alipaswa kufika."

"Habari za asubuhi, bibi. Jina lake nani?"

Ilikuwa kwenye kadi, karani aulize jina. Mama Limi aliisogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Limi."

Nilimwona Luka ameinamisha kichwa mpaka karibu na meza. Angeweza kuendelea na ukarani wake, na alijaribu.

"Treni imechelewa, bibi. Ni sababu ya mvua." Sentensi hiyo ilitoka kwenye kaseti ya somo la tatu. "Alipandia wapi?"

"Alipandia kwako."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikikibonyeza, wote wawili wameanguka mtihani. Nikiacha, watu wasiowajua watasikiliza ya nyumbani kwao. Niliogopa, nasema kweli, na kidole hakikushuka.

"Bwana karani," Mama Limi akaendelea taratibu, kila neno mahali pake, "kila nikituma mtu kuuliza, naambiwa hajambo. Nataka kujua nani amemwona kwa macho."

Nilisikia pumzi ya Luka ikigonga maikrofoni.

"Hakuna aliyemwona, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mpunga. Nilimpiga. Akaondoka usiku." Kifaransa chake kilikuwa kinavunjika vipande vipande, lakini kilieleweka. "Dereva mmoja aliniambia yuko machimboni, upande wa Geita. Sikwenda. Niliona aibu. Kila mjumbe akija nasema hajambo."

Mama Limi alivua hedifoni. Akasimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akatembea kati ya vibanda hadi cha mwisho. Luka aliposikia hatua alivuta koti kufunika kichwa. Mama Limi akasimama mbele yake.

"Luka," akaita. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu binti yake aolewe. "Nitazame. Kisha simama, tukamtafute mwanangu."

Koti lilishuka polepole. Uso wa Luka ulikuwa umelowa. Alipopita mezani kwangu, Mama Limi aliniambia, "Madamu, andika sikumaliza." Nikazima kaseti wakiwa wameshatoka.

Walipanda basi lile lile la Geita, yeye kiti cha mbele, mkwe kiti cha nyuma kabisa. Walizunguka machimboni siku kadhaa, Luka akiuliza kwa wachimbaji, Mama Limi akiuliza kwa mama ntilie. Limi walimkuta anauza uji kwenye banda la maturubai, amekonda, mkono wa kushoto umepona vibaya umepinda. Haya alinisimulia Mama Limi mwenyewe, mwaka uliofuata, aliporudi kurudia mtihani.

"Aliuliza nani kaniambia alipo. Nikamwambia, mume wako. Hakuamini. Akasema, mama, mimi nilikaa huku kwa sababu nilijua nyie wawili hamtaulizana kamwe."