Butoni Zisizo na Majina

Kuna siku moja nikiikumbuka, mwanangu, najishika kichwa hadi leo, na kichwa chenyewe kimebaki na nywele chache za kushika.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa Nyakasanza, nimemaliza sekondari, kuandika programu nimejifunza mwenyewe. Vita ilikuwa imetulia, ingawa mama yangu bado aliweka begi la nguo za kukimbilia nyuma ya mlango, akisema halimsumbui mtu. Mimi kutoka nje sikupenda hata kabla ya vita. Amani ilipokuja nilikosa tu kisingizio.

Kituo kimoja cha afya kikaniomba programu ya kuandikisha wagonjwa. Nikaiandika kitandani. Nilipochoka kuijaribu kwa mkono, nikaandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby maagizo ya kuijaribu badala yangu: fungua programu, bonyeza butoni, andika mgonjwa wa uongo, angalia kama jina limeingia. Maagizo yangu yalijua kila butoni kwa mahali ilipo kwenye kioo cha kompyuta tu: toka kushoto nukta mia tatu, shuka mia mbili, bonyeza. Yakajibu kila mara kwamba yote ni sawa. Nikajiona mtaalamu.

Kwenye mapokezi ya kituo kile alikaa Mama Rejine. Macho yalimpotea ukubwani, lakini vidole vyake vilijua klavye, vile vitufe vya kuandikia, tangu zamani, na kompyuta ilimsomea kwa sauti yaliyo kwenye ekra, yaani kioo chake. Daktari alikuwa amesema: kuanzia Jumatatu ni programu mpya, na asiyeiweza atampisha mwingine. Mama Rejine alikuwa na watoto wanne na kiti kile.

Nilimpelekea programu Jumatano, nimevaa shati la harusi ya kaka yangu. Akagusa klavye. Sauti ikasoma: "Butoni." Akasogea. "Butoni." Akasogea tena. "Butoni."

"Papa," akaniambia polepole, ndivyo kwetu vijana wanavyoitwa kwa heshima, "hizi butoni zako haziko na majina?"

"Ziko na picha, Mama. Picha nzuri sana."

"Ah. Picha." Akaondoa vidole kwenye klavye. "Na weye uliijaribu hii kitu?"

"Mara mingi. Mashini yenyewe ilijaribu."

"Basi zima ekra. Ikaa hapa. Uniandikishe."

Nikazima, nikakaa. Umri wake niliuandika mahali pa kijiji. Nikatafuta pa kusahihisha, butoni, butoni, nikabonyeza moja kwa kubahatisha. Nilipowasha ekra, jina lake halikuwepo.

"Nimeshafutwa?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na Jumatatu haijafika."

Hakucheka. Mimi pia sikuweza.

Siku zile nne za kuifikia Jumatatu sitamani kuzirudia. Niliipa kila butoni jina ambalo ile sauti ingelisoma: Mgonjwa mpya, Sahihisha, Futa. Kisha nikaandika upya maagizo ya Ruby. Sasa hayakuhesabu nukta. Yaliuliza butoni kwa jina, kupitia njia ileile ambayo sauti hupitia ili kumsomea asiyeona. Yaliyokuwa sawa kila mara yakaanza kukwama kila mahali. Yalipokwama, nilijua Mama Rejine angekwama palepale. Natengeneza, yanasogea hatua mbili, yanakwama. Mgongo huu ninaoulalamikia kila siku, mwanzo wake ni pale.

Jumatatu daktari alisimama nyuma ya kiti cha Mama Rejine. Akaingia mama mmoja aliyepanda kutoka Kasenyi, kule chini ziwani, na mtoto mwenye homa. Mama Rejine akamwandika, akamwandika na wa pili, na wa tatu. Daktari akaenda zake bila neno. Kwake hilo lilikuwa sifa.

"Sasa enda ulale, Papa," Mama Rejine akaniambia. "Hata sauti yako imechoka."

Mwanangu, najua nawe unafanyia kazi kitandani. Sikukatazi, nitakukataza kwa uso gani? Lakini programu yako uijaribu kwa njia anayopita yule asiyeona. Kila butoni uipe jina, na maagizo yako yaitafute kwa jina hilo. Ukiona yamekwama, usikasirike: yamekwama mikononi mwako, si mbele ya mtu anayelinda kiti chake. Na kabla ya kusema kazi imeisha, vaa viatu, nenda ukakae karibu na atakayeitumia. Mimi nilichelewa kwenda, na nusura mwingine alipe.

Mungu akupe kazi yenye faida kwa watu, akupe subira ya kuanza upya, na mgongo akulindie kuliko alivyonilindia mimi.