Mawe Kumi kwenye Barabara ya Kasenga

Sogea karibu, nikueleze jambo ambalo madereva wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Si gumu. Ukiweza kuhesabu mawe ya barabarani, utalielewa.

Miaka ya hamsini niliendesha lori la samaki kati ya Kasenga na Élisabethville. Samaki wa mto Luapula walipakiwa kwenye barafu, na barafu haimngoji mtu. Hata nikiwa mezani nyumbani, mguu wangu ulikanyaga sakafu kana kwamba kuna pedali. Nyumba yenyewe ilikuwa ya patron, tajiri mwenye lori. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha, na mke wangu alikuwa karibu kujifungua.

Kabla ya mvua, patron aliliwekea lori mipira mipya ya magurudumu, mikubwa kuliko ya zamani, nisikwame kwenye matope. Nilifurahi. Hakuna aliyeikumbuka saa ya mwendo, ile iliyo mbele ya usukani, yenye mshale wa kasi na tarakimu za kilomita.

Patron alikuwa na desturi yake. Kila niliporudi, alichovya kijiti kwenye tangi apime mafuta yaliyobaki, kisha akainama ndani asome kilomita. Jumamosi moja alisoma, akatoka, akaingia kusoma tena.

"Mafuta yangu ilienda wapi?"

"Iliisha njiani, patron."

"Njia inakuwa mufupi, mafuta inakuwa mingi? Kule Kasenga, benye mashua ya motere banakuita nani? Ndugu?"

Niliapa kwamba sijawauzia wenye mashua hata chupa moja ya mafuta. Akanipa mpaka Jumamosi inayofuata nimwonyeshe mafuta yalikokwenda, la sivyo nirudishe ufunguo wa lori pamoja na wa nyumba.

Jirani yangu, fundi wa magari aliyetoka Kasai, alilala chini ya lori akapapasa tangi na mabomba. Hakupata hata tone linalovuja.

"Shemeki," akasema kwa utani wa shemeji huku akijifuta mikono, "kama uko unauzisha, ungenikumbuka na mimi!"

Sikucheka. Nyumbani nilikaa, nikasimama, nikafungua mlango, nikaufunga. Mke wangu alikuwa akichekecha unga.

"Ikala chini, baba. Mutoto atazaliwa na kizunguzungu."

"Patron anasema njia inakuwa mufupi."

Chekecheke likasimama. "Kumbe Kasenga inahama? Iko inakuya kutuona?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwa tayari nje, ndala moja mguuni, nikimkimbilia fundi. Kasenga haikuhama. Kilichobadilika ni mipira tu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Saa ya mwendo haioni barabara. Kutoka giaboksi kuna waya unaozunguka pamoja na mwendo wa magurudumu, na saa huhesabu mizunguko hiyo, basi. Tembea na mtoto wako hadi sokoni: mtafika pamoja, lakini yeye atapiga hatua nyingi kuliko wewe. Mpira mkubwa ni mtu mzima. Unamaliza njia ileile kwa mizunguko michache, na saa inadhani mmekwenda kidogo. Mshale nao unadanganya vilevile: unakwambia unakwenda polepole, kumbe unakimbia. Nikakumbuka jinsi kona zilivyokuwa zikinijia mapema msimu ule, nami nikailaumu mvua.

Jumamosi nilimwomba patron apande nami. Tulishika barabara ya Kasenga, yenye mawe ya kilomita kandoni. Kwenye jiwe la kwanza tulisoma tarakimu.

"Hesabu mawe, patron. Mimi nitaendesha."

Alihesabu kwa sauti, akigonga mlango kwa kidole kila jiwe lilipopita. Tulipokwisha kuvuka kilomita kumi, nikasimamisha lori. Akainama. Saa ilikuwa imeongeza kilomita tisa tu.

"Rudia," akasema.

Nikageuza. Kumi za mawe, tisa za saa. Alitazama mipira aliyoinunua mwenyewe, akakohoa.

"Bon. Peleka kwa fundi."

Hakuniomba radhi, na ufunguo sikurudisha. Fundi alitoa kwenye giaboksi kigurudumu cha meno ishirini kilichozungusha ule waya, akatia cha meno kumi na nane. Meno yakipungua, waya huzunguka haraka zaidi. Tulirudi kwenye mawe: kumi kwa kumi. Mtoto wetu alizaliwa katika nyumba ileile, nami nikiwa mlangoni, nikikanyaga pedali isiyokuwepo.

Basi nawe, ukibadilisha mipira, usianze safari kwanza. Jaza upepo sawasawa, nenda kwenye barabara yenye mawe, soma saa kwenye jiwe la kwanza, endesha kilomita kumi za mawe, usome tena. Kilomita za saa zisipolingana na za mawe, mpelekee fundi tarakimu zote mbili.